Matuta ya Kitambaa Cheupe

Ofisi ya Kijiji,
Jumapili, alasiri.

Elipendo, mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anafunga tranka lako la shule ya bweni kwa mara ya tatu, na kila akilifunga anakumbuka kitu. Ndoo, jembe, fagio la chelewa, sabuni za mche, yote ameshayasema na kesho atayasema tena mpaka basi liondoke. Kwa hiyo mimi sitayagusa. Nimekuja kukuandikia huku ofisini kwa sababu ninachotaka kusema kimo humu, kwenye kabati la mafaili na kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya mlango.

Unajua siipendi ofisi hii ikiwa tupu. Mwaka jana ulinicheka: "Baba, unaogopa viti?" Siogopi viti. Naogopa mlio mmoja. Stepla ikibana karatasi inalia tk, na mimi nasikia ua likivunjika kwenye kikonyo chake. Sasa hivi nimeisukuma mpaka mwisho wa meza, na bado naisikia.

Wewe ulikuwepo tangu mwanzo, lakini ulikuwa darasa la tano, na mtoto huona upande wake tu. Acha nikuoneshe upande wangu.

Bwana shamba wa kata, yule kijana wa pikipiki aliyevaa miwani ya jua hata mawingu yakitanda, alikuja kumwomba bibi yako kipande cha shamba la viazi vitamu. Alitaka matuta kumi na mawili. Sita yawekewe vijiti vyenye kitambaa chekundu, na hayo yachumwe maua kila yanapotoka. Sita yawekewe kitambaa cheupe, yaachwe yachanue yatakavyo. Mwisho wa msimu tupime tuone kama kiazi kinanenepa zaidi pale mmea usipohangaika na maua.

"Niyachume?" bibi yako aliuliza. "Yamekukosea nini?"

"Bibi, yanakula chakula cha viazi."

"Na wewe je, chakula chako kinaliwa na nani, mbona mwembamba hivyo?"

Alicheka, lakini alikubali. Alichana kanga yake kuukuu ikatoa vitambaa vyekundu, akachana na gagulo lake la zamani likatoa vyeupe. Wewe ndiye uliyefunga mafundo. Mimi nilipewa daftari la kumbukumbu, kwa sababu nilikuwa karani na mwandiko wangu unasomeka. Kabla ya kuondoka bwana shamba aliniambia jambo moja tu: "Usimwambie mtu lolote mpaka tupime." Kabla maua hayajakolea akahamishwa wilaya nyingine, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Nikabaki na daftari.

Ukaja mkutano wa kijiji. Mzee Sinda, jirani wa bibi yako, alisimama na ile fimbo yake akaninyooshea.

"Karani, wewe ndiye umesoma. Vitambaa vile ni vya nini? Tunamwona mama yako anachuma maua kama anakwenda kupamba harusi."

Watu wakacheka. Mtendaji, bosi wangu, akanigeukia. Wanawake waliokaa chini wakanitazama. Nilikuwa mwajiriwa wa mkataba, mkataba wa kuhuishwa kila mwaka, na nilikuwa kijana kuliko karibu kila mtu mle. Nilipaswa kusema, "Sijui bado, tunasubiri kupima." Mwanangu, maneno hayo nimeyasema peke yangu mara nyingi sana tangu siku ile, ndani ya choo, njiani, kanisani wakati wengine wanasali. Siku ile hayakutoka.

Badala yake nilikumbuka somo la chuoni. Lilihusu viazi mviringo, vile vya nyanda za baridi. Tuliambiwa kwamba ua likigeuka tunda linavuta chakula, na mkulima akiliondoa mapema huenda kiazi cha chini kikanufaika. Ni somo zuri, na sikulielewa vibaya. Kosa langu lilikuwa kulihamishia kwenye viazi vitamu vya hapa kwetu Mungaa, ambavyo sikuwa nimevipima.

"Ua na kiazi vinagombea chakula kimoja," nikasema. "Ukiondoa ua, kiazi kinapata."

"Kwa hiyo na sisi tuondoe?"

"Ondoeni."

"Basi iandike," akasema Mzee Sinda. "Tuone muhuri."

Nikaandika. Nikapiga muhuri. Nikaitundika kwenye ubao huu, na nilipokuwa nikirudi ndani nilijiona mtu mzima kwa mara ya kwanza. Sikufichi hilo, lilikuwa tamu.

Unakumbuka yaliyofuata. Asubuhi kabla ya shule watoto wote walikuwa mashambani, nawe ukiwa mmoja wao. Maua yale ya zambarau yenye koo jeusi, yanafunguka jua likichomoza. Na kufika alasiri, ua lililofunguka asubuhi limeshanyauka lenyewe. Bibi yako alilijua hilo maisha yake yote. Aliniuliza siku moja, akiwa ameinama tutani, "Hili litakufa leo leo. Nikilichuma sasa nimemwokolea kiazi nini?" Nikamjibu kwa sauti ya ofisini: "Mama, ndivyo utaalamu unavyosema."

Alinyoosha mgongo, akanitazama, kisha akainama tena. Tk. Tk. Tk.

Mvua ilikuwa nyingi mwezi ule na udongo ulikuwa laini. Miguu midogo ilipanda na kushuka matuta kila siku, ikiyabonyeza. Mvua zilipokatika, matuta yaliyobonyezwa yakapasuka, viazi vikachungulia nje kwenye nyufa, na fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi, wakapita hapo hapo. Kwenye matuta ya kitambaa cheupe hakuna aliyekanyaga, kwa sababu maua yake hayakuwa ya kuchumwa.

Siku ya kupima tulikuwa watatu: bibi yako na jembe, mimi na mizani, wewe na penseli. Nilikuambia uandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako la hisabati, mimi nitanakili baadaye kwa kalamu. Uliandika kwa uangalifu, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Matuta mekundu: debe, debe, halafu rundo la viazi vyenye matundu, vichungu. Ulimpa mbuzi wa bibi kimoja akakinusa akageuka. Matuta meupe yalitoa vizima. Havikuwa vikubwa kupita kiasi, viazi vya kawaida tu, lakini vilizidi.

Bibi yako alivitazama vile vyenye matundu akasema, "Mwaka huu fukusi wana njaa." Aliwalaumu fukusi. Hakunilaumu mimi.

Siku ya pili yake mtendaji aliniambia kuna wageni wa wilayani wanakuja, wamesikia habari za shamba darasa letu, yaani yale matuta ya bibi yako. "Matokeo mazuri, sivyo?" Sikutakiwa kujibu kitu kingine. Nikasema, "Mazuri." Nikarudi nyumbani, nikafungua daftari la kumbukumbu mezani, nikaandika hesabu ya meupe chini ya mekundu, na ya mekundu chini ya meupe. Hilo tu. Namba zenyewe sikuzigusa, nilizibadilishia nyumba.

Hukuwa umelala. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukasoma. Ukasema, kwa ile sauti yako ya kusahihisha mwalimu, "Lakini baba, cheupe ndicho kilichozidi."

Nikakuambia, "Wewe mtoto unajua nini? Lete hilo daftari."

Ulilileta. Nikachana ukurasa wa mwisho mbele yako. Karatasi ilipochanika ulifumba macho, kama mtu aliyesikia bunduki.

Elipendo, kabla ya siku ile ulikuwa unauliza mpaka tunachoka. Mbona mwezi unatufuata? Mbona mchungaji hupewa kuku na mwalimu hapewi? Nani aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba kisamvu kibichi hakiliwi, na je, alikufa? Mwaka uliofuata ripoti yako ya shule iliandikwa, "Mtulivu sana." Mama yako alifurahi akaibandika ukutani kwa uji wa unga. Mimi nilikaa naitazama. Shuleni ulianza kungoja wengine wajibu kwanza. Nyumbani ukawa unasema "Sawa, baba" kabla sijamaliza sentensi. Watu walinipongeza kwa malezi. Nilikuwa najua ni mkono gani uliopita pale.

Sitaki udhani nilikuwa mwoga siku ile tu. Uoga wangu umekuzidi umri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kumaliza shule, mama yako alipoambiwa na wazazi wake amtaje mwenye mimba. Alinitaja. Nilitakiwa kwenda. Nilivaa shati, nikatoka, nikafika kwenye yale mawe makubwa nusu ya njia, nikakaa nyuma yake mpaka jua likazunguka. Bibi yako alinikuta pale. Alikuwa amebeba debe la viazi kichwani. Hakunigombeza. Alipita tu, akaenda mwenyewe. Babu yako wa upande wa mama ndiye aliyenisimulia alivyosema mlangoni, baada ya kuwaamkia: "Binti yenu amebeba mjukuu wangu. Mwanangu ni mwoga, kwa hiyo nimekuja mimi." Wakacheka, wakapokea debe, wakapika. Ndoa yetu ilianzia kwenye sufuria ile.

Kwa hiyo nilipoandika lile tangazo nilikuwa pia namlipa. Nilitaka aseme mbele ya watu kwamba mwanawe ni mtu fulani. Na alisema. Hakujua kusoma, lakini aliniomba nakala, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia aliyokuwa akisomewa nawe. Msimu wa pili mtu alipomwambia aache kuchuma, viazi vinaharibika, alijibu, "Mwanangu ameandika." Alilima kidogo zaidi, alivuna kidogo zaidi, na vipande alivyoanika juani kwa ajili ya miezi ya njaa vilijaza ungo mmoja mahali pa miwili. Tulimpelekea unga. Alipokea, akasema asante, na kwamba mwaka mwingine atachuma tena.

Alipougua mwaka jana, zahanati walisema ni kifua na uzee. Nawaamini. Sisemi karatasi yangu ndiyo iliyomuua. Nimeligeuza hilo upande huu na upande ule na sioni pa kulishika, na hiyo ndiyo taabu yake: lingekuwa na uhakika ningeweza kulitubu. Lakini wewe ulikuwepo siku ile ya mwisho. Uliviona vidole vyake vikitembea juu ya blanketi, vinabana, vinavuta, vinaachia, vinasogea mbele kidogo, vinabana tena. Ulisema, "Baba, bibi anatafuta uzi." Shangazi yako akasema, "Wagonjwa wengi hufanya hivyo, mwache." Huenda ni kweli. Lakini mimi nilihesabu hatua za vidole vile, na zilikuwa nafasi ya shina na shina. Alikuwa anafuata tuta. Alifika kwenye ncha ya blanketi, akarudi na tuta la pili. Ilikuwa mwezi wa pili, marando ya viazi yakianza kuchanua.

Nikamshika mkono ili vidole viache. Viliendelea ndani ya mkono wangu.

Tangu hapo ndipo mlio unaponifuata. Na bado sikusema. Mwaka jana wote tangazo lilikaa ubaoni, limepauka, muhuri ukabaki duara tu, na bado watu walilifuata. Nilijiambia litadondoka lenyewe. Msimu huu mvua zimeanza vizuri, marando yameshika, na baada ya wiki chache watoto wataingizwa matutani tena. Mwanangu, sina mwaka mwingine wa kungoja, na kesho unaondoka ukiwa unajua kwamba baba yako hubadilishia namba nyumba. Siwezi kukupa usia wa namna yoyote juu ya jambo hilo. Nitakachoomba utakitupa, na utakuwa na haki.

Ndani ya droo hii kuna ule ukurasa. Sikuuchoma. Nilikuwa nauogopa, na kitu ninachokiogopa huwa sikitupi, nakificha. Mwandiko wako wa darasa la tano, mviringo, na mahali pamoja umefuta ukaandika tena kwa sababu sindano ya mizani ilikuwa inacheza na ulitaka itulie. Ulisubiri itulie! Mimi nilikuwa na cheti cha chuo na sikusubiri.

Nimeandika tangazo jipya. Ni fupi. Linasema kwamba matokeo ya viazi vya shamba darasa yaliandikwa kinyume, na aliyeyaandika kinyume ni mimi. Linasema matuta yaliyoachwa na maua yake ndiyo yaliyozidi, na kwamba msimu mmoja na matuta kumi na mawili havitoshi kusema maua yanasaidia au yanadhuru, ila kukanyaga tuta bichi kila siku kumetudhuru. Linasema msichume mpaka mtu apime vizuri. Nimelitia jina langu.

Nilitaka kukuambia hivi: kesho basi likipita mbele ya ofisi litapunguza mwendo kwa ajili ya korongo, kaa upande wa kushoto, na usipoiona karatasi mpya, mwambie dereva asimame, utoe ukurasa wako uutundike wewe.

Nimelisoma tena hilo nikaona aibu. Ni yale mawe yale yale, na safari hii ningekutwika debe wewe. Subiri. Natoka.

*

Nimerudi. Misumari minne. Mmoja umepinda.

Nilidhani nitaitundika nirudi ndani haraka, nikuage, nifunge mlango. Lakini Mzee Sinda alikuwa anapita na mbuzi wake wawili, akasikia nyundo. Akaja akasimama mbele ya ubao. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi.

"Karani, Jumapili unapigilia nini? Ushuru mwingine?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inasema nini?"

Nilitazama karatasi. Nilitaka kumsomea, nijifiche nyuma ya maneno yangu mwenyewe. Nikaona hapana. Nikamwambia kwa mdomo. Nilimwambia nilikuwa sijui siku ile aliponiuliza mkutanoni. Nilimwambia habari za namba. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto, na jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Alisikiliza huku ameegemea fimbo, na mbuzi wakawa wanakula majani chini ya ubao.

Nilipomaliza akauliza, "Mama yako alijua?"

"Hapana."

"Alikuwa ananiletea maua yale kwa mbuzi wangu. Kila asubuhi, upindo wa kanga umejaa. Ananiambia, mwanangu kaandika." Akatikisa kichwa. "Misimu mitatu, karani."

"Ndiyo, mzee."

"Utayasema haya mkutanoni? Kwa mdomo, kama ulivyoniambia mimi?"

"Nitayasema."

"Wanawake watakuchana."

"Najua."

Aliwavuta mbuzi wake. Nikamwambia kwa heshima, "Haya, mzee, shikamoo tena." Hakuitika. Elipendo, tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia mtu mzima katika kijiji hiki akaniacha bila marahaba. Nilisimama pale nikiwa nimeishikilia salamu yangu kama sahani ambayo hakuna aliyeipokea. Amepinda kwenye kona ya kisima na bado sijui kama atanijibu kesho, au mkataba utahuishwa, au mama yako atanitazamaje nikimweleza leo kabla ya chakula. Lazima nimweleze leo, asisikie kisimani.

Hofu haijaondoka. Nilikuwa nimesoma mahali fulani, au nimejidanganya, kwamba mtu akisema kweli anakuwa mwepesi. Mimi ni mzito vile vile. Mlio nao bado upo. Tofauti ni moja tu: sasa kuna mtu mwingine anayeusikia, mzee mmoja na mbuzi wawili, na kesho wewe.

Barua hii nitaiweka ndani ya tranka, chini ya sweta, mahali ambapo mama yako ameshamaliza kupanga. Ndani yake kuna ukurasa wako wa hisabati. Nimeugundisha mahali ulipochanika, lakini mpasuko unaonekana na sikujaribu kuuficha. Huko uendako kutakuwa na watu wenye mihuri. Baadhi yao wanajua, na baadhi wako kama mimi. Ukiwauliza swali, wa aina zote mbili watakukemea kwa sauti ile ile, kwa hiyo sijui nikufundishe namna gani ya kuwatofautisha. Lakini sindano ikicheza, ulijua kusubiri mpaka itulie. Hilo ulilijua bila mimi.

Jambo la mwisho. Tranka za bati zinafanana, na kwenye paa la basi zitakuwa nyingi. Nilipokuwa natafuta ukurasa nilikuta kwenye droo kile kitambaa kimoja kilichobaki, cha gagulo la bibi yako, fundo lako bado limo. Nitakifunga kwenye mshikio wa tranka lako, ulitambue.

Ni kile cheupe. Ndicho kilichozidi, mwanangu. Ulisema kweli.

Baba yako